ETH ya Arbitrum iwe SOL: programu ikizimika katikati je?

Wanaotaka programu ya kubadili tokeni (sarafu za kidijitali) kutoka mnyororo (blockchain) mmoja hadi mwingine huniuliza kwanza habari za bei. Mimi huwauliza: umeme ukikatika kazi ikiwa nusu, programu ikiwaka itajuaje ilipofikia?

Chukua ETH, sarafu ya Ethereum, iliyoko Arbitrum, mnyororo uliojengwa juu ya Ethereum, unayotaka iwe SOL, sarafu ya mnyororo wa Solana. Machoni mwa mteja ni jambo moja, kumbe ni manne. ETH inauzwa Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, unapata USDC, tokeni inayofuata thamani ya dola. USDC inachomwa, yaani inafutwa kabisa, hukohuko Arbitrum kupitia CCTP, mfumo wa Circle, ambao ndio watoaji wa USDC. Circle wakithibitisha, wanatia saini, na kwa saini hiyo USDC mpya inatolewa Solana. Kisha unanunua SOL kupitia Jupiter, huduma ya kubadilishana tokeni ndani ya Solana.

Njia hii naipenda kuliko madaraja yanayofungia tokeni upande mmoja na kutoa nakala upande wa pili. Februari 2022 mwizi alijitolea nakala za ETH 120,000 kwenye daraja la Wormhole bila kuweka chochote. Ni kweli CCTP inakufanya uwategemee Circle, lakini ukishashika USDC tayari unawategemea.

Turudi kwenye umeme. Kupokea Solana unaweza kujaribu tena na tena, kwa sababu kila ujumbe hukubaliwa mara moja tu. Kuchoma si hivyo: ukiunda miamala miwili, umechoma mara mbili. Kwa hiyo programu isaini muamala, iuhifadhi mzima kwenye hifadhidata, ndipo iutume. Ikiwaka upya, isiunde mwingine. Iulize Arbitrum kama ule umeingia, na kama haujaingia iutume uleule. Namba yake ya mfuatano haitumiki mara mbili, hivyo kuurudia hakuna madhara.

Mtego mkubwa uko kwenye anwani ya mpokeaji. Solana haitaki anwani ya pochi yako hapo, inataka ya akaunti ya USDC iliyo chini ya pochi hiyo. Ukiweka ya pochi, kuchoma kutapita, Circle watasaini, halafu Solana itakataa, na hela yako imekwama. Tena ada ya kupokea hulipwa kwa SOL, kitu kilekile unachokitafuta, basi tanguliza kidogo.

Desimali nazo, yaani tarakimu baada ya nukta: ETH ina 18, USDC 6, SOL 9. Hesabu kwa namba nzima tu.

Kwenye kuuza, kiwango cha chini cha kupokea kisiwe sifuri kamwe. Kuna roboti zinazovizia miamala ya namna hiyo. Na bei ya Jupiter iulizwe USDC ikishafika, maana uthibitisho wa kawaida kutoka Arbitrum unaweza kuchukua robo saa au zaidi, na SOL haikusubiri. Ikiwa imepanda kupita kikomo, programu yangu husimama na kunitumia ujumbe Telegram. USDC ikilala Solana hadi asubuhi, sioni tabu.