Daraja la Jinja halining'inii

Juzi tena, ndani ya takisi ya kutoka Busia, tulipoukaribia Mto Nile pale Jinja, Uganda, konda aliwageukia abiria wageni akatangaza: "Hili ndilo daraja letu la kuning'inia!" Nimeyasikia hayo tangu lifunguliwe Oktoba 2018, tena kwa watu waliosoma kuliko yeye.

Daraja la kuning'inia ni lile ambalo barabara yake imetundikwa kwenye nyaya kuu zilizopitishwa juu ya minara, kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Basi.

Ugomvi wangu uko kwenye maneno. "Daraja" lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni ngazi. Ndiyo maana mtoto naye hupata daraja la kwanza mtihani ukimwendea vizuri. Wazee walikuwa na ulalo, gogo lililolazwa juu ya kijito, na kantara pia. Siku hizi yote yamemezwa na daraja. Hata ule ukuta wa bwawa la umeme la Nalubaale, hapo jirani, la mwaka 1954, tulivukia mgongoni mwake miaka zaidi ya sitini tukiuita daraja, na hakuna aliyebisha. Lakini "kuning'inia" siachii. Popo hunung'unika akiwa ananing'inia mwembeni. Shati huning'inia kwenye kamba ya kuanikia. Na kamba hiyo ndiyo picha kamili: nguzo mbili, kamba imebonyea katikati, nguo zinashuka wima. Shati haliigusi nguzo, uzito wake hupitia kambani kwanza. Kwa hiyo ncha za nyaya kuu kwa kawaida hushikwa na mapande makubwa ya zege ufukoni. Zikichomoka, barabara nzima inakwenda majini. Barabara iliyovuka Mto Kongo kule Matadi mwaka 1983 imetundikwa hivyo, na ile ya Maputo pia, ambako minara imeachana mita 680.

La Jinja litazame ukiwa dirishani. Minara miwili, kila mmoja kama herufi Y iliyopinduliwa, na nyaya zilizonyooka kama rula zikitoka mnarani kwa mshazari hadi kwenye sakafu yenyewe, safu moja katikati ya barabara, wanaokwenda Kampala upande huu na wanaotoka upande ule. Kamba ya kuanikia iko wapi? Linafanana zaidi na kibati cha mbele ya duka kilichoshikwa na vyuma vya mshazari, ila hapa ni vibati viwili vilivyopeana migongo: waya wa kulia ukivuta, wa kushoto nao unavuta, na mnara unatulia katikati. Waliokuwa wakipita wakati wa ujenzi waliona sakafu ikichipuka kutoka mnarani pande zote mbili, kipande kwa kipande, mpaka ncha zikakutana juu ya maji. La kuning'inia halijengwi hivyo. Nyaya kuu hutangulia, barabara ikafuata.

Nikamwambia konda, "Ndugu yangu, hili sema ni daraja la nyaya za mshazari." Akazitazama nyaya zikipita dirishani moja moja, akasema, "Refu mno hilo jina, mzee." Basi sema daraja la nyaya, nikamwambia, hapo hujakosea.