Kijana amelewa, hazinduki: acheni kusema "mwacheni alale"

Tabia hatarishi ni zipi?
Ni zile zinazoweza kumuumiza kijana leo au kumharibia maisha baadaye: pombe, bangi, unga (heroini), kunusa gundi, ngono bila kinga, kupanda bodaboda mishikaki. Huja kwa mafungu. Aliyekunywa kwenye kigodoro ndiye huyohuyo anayepakiwa saa tisa usiku na dereva aliyelewa.

Mbona darasani ana akili, na bado anafanya haya?
Sehemu ya ubongo inayopima matokeo huchelewa kukomaa, hadi miaka ishirini na kitu. Ile inayotaka raha na sifa kwa wenzake huwahi. Na sisi watu wazima tunachangia: mtoto wa miaka kumi anatumwa sigara dukani, na harusi ikiisha yeye ndiye anayekusanya glasi zenye mabaki.

Kichupa kidogo cha pombe kali kinaweza kumdhuru?
Ndiyo. Viroba, pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, lakini vichupa vipo. Mililita 200 za pombe ya asilimia 40 zina mililita 80 za kilevi halisi, zaidi ya bia tatu za nusu lita zenye asilimia 5. Mtoto anakimaliza kwa dakika chache, tena hajala.

Hazinduki. Tumwache alale, asubuhi itakuwa imemtoka?
Hapana. Pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala, kwa hiyo saa nane usiku anaweza kuwa mahututi kuliko alivyokuwa saa sita. Akitapika, koo lililolegea haliwezi kujikinga na matapishi yanaingia mapafuni. Sukari ya damu nayo inashuka, hasa kwa mtoto.

Lakini anakoroma, si anapumua?
Hapana, usimwache. Mkoromo mzito wenye majimaji ni dalili kwamba njia ya hewa inaziba.

Ametapika yote.
Hakuna aliyepima kama ni yote. Jibu ni lilelile: hapana.

Tutatofautishaje na usingizi?
Mwite jina kwa sauti, mfinye begani. Hafungui macho, hajibu? Huo si usingizi. Hesabu pumzi dakika nzima: zikiwa chini ya nane, au zikipita sekunde kumi bila pumzi, ni hatari. Tazama pia midomo na kucha kugeuka bluu au kijivu, ngozi ya baridi, degedege. Dalili moja inatosha kumpeleka, usisubiri zitimie. Mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, fikiria unga au vidonge.

Tumpe maziwa? Madafu? Kahawa chungu?
Asiyejitambua hapewi kitu mdomoni, hata maji. Maji ya chumvi ya kumtapisha ni hatari tupu. Kummwagia ndoo ya maji kunamzidishia baridi na hakutoi pombe mwilini.

Mlaze ubavu. Piga magoti kando yake, nyoosha pembeni mkono wake ulio karibu nawe. Mkono wa pili uvushe kifuani, kiganja kiwe chini ya shavu. Kunja goti lake la mbali, livute kwako mpaka ageuke. Inua kidevu kidogo, mdomo uelekee chini. Mtu abaki naye. Akiacha kupumua, anza kukandamiza kifua huku mkikimbilia hospitali.

Bodaboda inafaa?
Akibanwa katikati ya watu wawili kichwa kinaanguka mbele na hewa inaziba. Tafuteni bajaji au gari, alale ubavu. Hapa Tanga, aliye jirani na hospitali ya Bombo aende Bombo. Wa Pongwe aanzie kituo cha afya cha hapo. Chukueni chupa au paketi ya vidonge, na semeni kweli: mhudumu anauliza ili ajue atibu nini. Aliyezinduliwa kwa dawa baada ya unga asitoroshwe wodini. Dawa huisha nguvu ndani ya saa moja au mbili, unga bado umo.

Kaamka asubuhi, yuko sawa. Yameisha?
Kama alikunywa gongo, hapana. Gongo inaweza kuwa na methanoli, na sumu hiyo huweza kujitokeza saa 12 hadi 24 baadaye: macho kuona ukungu, tumbo kuuma, kuhema haraka. Mpelekeni saa hiyohiyo. Macho yakipofuka huenda yasirudi.

Kwa nini wenzake walimkimbia wasituambie?
Waliogopa viboko. Nyumba ambayo kosa lolote ni fimbo inafundisha watoto kufichana, na mficha maradhi kilio humfichua. Mwambie kabla hajatoka: "Ukikwama, au mwenzako akizima, nipigie. Nitakuja kwanza, maneno kesho." Halafu timiza. Kila anapotoka, jua yuko na nani, wapi, anarudi saa ngapi. Ukiona pesa zinapotea, marafiki wote wapya, alama zimeshuka ghafla, muulize mkiwa wawili, si mbele ya wajomba. Asipotaka kusema na wewe, mpe namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kupiga ni bure.