"Ni komenti tu, kompaila haizioni": dhana potofu kuhusu kusahihisha tahajia kwenye kerneli

Kila kundi jipya la wanafunzi likifika kwenye somo la kuchangia programu huria, nasikia sentensi ile ile: "Mwalimu, mimi naanza na makosa ya tahajia kwenye komenti za Linux. Ni komenti tu, kompaila haizioni, siwezi kuharibu kitu." Nimeisikia mpaka nimekinai. (Kwa mgeni: kerneli ni kiini cha mfumo wa Linux, komenti ni maelezo ya watu ndani ya msimbo, na kompaila ni programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine.) Leo naiandika mara moja, anayekuja kesho nimpe asome mwenyewe.

Dhana: Komenti haiwezi kuharibu kitu

Kwa upande wa kompaila mna hoja. Kanuni za lugha ya C zinasema kila komenti hugeuzwa kuwa nafasi moja tupu kabla msimbo haujachambuliwa. Tatizo ni kudhani kompaila ndiyo msomaji pekee. Komenti za kerneli zina wasomaji wengi, na baadhi yao si watu.

Fungua karibu faili lolote la msimbo wa kerneli ya leo. Mstari wa kwanza, au wa pili kwenye skripti, ni komenti yenye `SPDX-License-Identifier`, inayotaja leseni ya faili. Utaratibu huo uliingia kwa wingi mwaka 2017, na kuna skripti inayokagua kama jina la leseni limeandikwa sawasawa. Ukilipamba jina hilo kwa kuwa halikupendezi machoni, umegusa jambo la kisheria.

Kisha kuna komenti zinazoanza na `/**`. Hizi husomwa na skripti ya kernel-doc ili kutengeneza nyaraka, na jina linalofuata alama ya `@` lazima lifanane herufi kwa herufi na kigezo cha fanksheni. Kama aliyeandika fanksheni alikiita kigezo `adress`, nawe ukasahihisha komenti peke yake, Kiingereza kimenyooka lakini nyaraka zinaanza kutoa onyo.

Mfano ninaoupenda ni wa `switch`, agizo la C linalochagua moja kati ya `case` kadhaa. Kompaila ya GCC 7, iliyotoka 2017, ilianza kuonya (onyo hilo likiwashwa) pale `case` moja inapoendelea hadi ndani ya inayofuata bila `break`, isipokuwa ikikuta komenti `/* fall through */` hapo katikati. Yaani kompaila yenyewe, ile msemayo haisomi komenti, ilikuwa inasoma! Na ilikuwa inachagua maneno: ukirefusha ikawa `/* fall through to the next case */`, kwa kiwango cha kawaida cha onyo hilo haikuitambua tena. Clang, kompaila nyingine, haikuzijali kabisa komenti za aina hiyo kwenye C. Ndiyo maana mwaka 2020 ziligeuzwa kwa wingi kuwa `fallthrough;`, ambayo si komenti tena. Miradi mingine bado inazo, kwa hiyo angalieni mnapopita.

Halafu kuna namba za mistari. `WARN_ON`, agizo la kutoa onyo kerneli ikikuta hali isiyotarajiwa, huhifadhi namba ya mstari iliko, ili hitilafu ikitokea ujue pa kwenda. Sahihisho lako likigawa mstari mrefu kuwa miwili, kila `WARN_ON` iliyo chini yake inahama. Si maafa, lakini faili la `.o` (lile linalotolewa na kompaila) si lile lile tena, na ile kauli ya "sijabadilisha kitu" imeshakuwa si kweli.

Hapo sijagusa viraka. Kiraka ni faili linaloeleza badiliko la msimbo, na kwa kawaida hubeba mistari mitatu juu na mitatu chini ya badiliko ili kijue pa kukaa. Wewe leo umesahihisha komenti kwenye tawi kuu. Miezi sita baadaye linapatikana tundu la usalama jirani na komenti hiyo, na kiraka chake kinatakiwa kurudishwa kwenye kerneli zinazotunzwa kwa muda mrefu kama 5.15 au 6.6. Huko komenti bado ni ya zamani, kwa sababu kanuni za matawi hayo zinakataa waziwazi masahihisho ya tahajia. Mistari hailingani, kiraka kinagoma, na mtu anakaa usiku kukipachika kwa mkono kwa ajili ya herufi moja. Sisemi usisahihishe. Nasema ujue kwamba kuna anayelipa.

Kubwa kuliko yote ni maana. Komenti ya kerneli mara nyingi ndiyo mahali pekee palipoandikwa ni kufuli gani (kinga ya data isiguswe na wawili kwa pamoja) lishikwe kabla ya kuita fanksheni fulani. Mtu akiandika `now safe` alipokusudia `not safe`, hakuna kikaguzi cha tahajia kitakachoshtuka, maana yote mawili ni maneno halali. Ukikuta `ot`, je, ni `to`, `or` au `not`? Kikaguzi kitakupendekezea moja, utabonyeza kukubali, na sasa komenti iliyokuwa na kosa linaloonekana ina uongo ulionyooka kabisa. Afadhali ile ya kwanza. Angalau iliposomwa ilitia shaka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na wanafunzi wangu wanaichukia: usisahihishe komenti ya fanksheni ambayo huwezi kueleza kwa mdomo inafanya nini. Isome yote, soma na msimbo chini yake, angalia historia ya mistari hiyo kwa `git log`. Kwa uzoefu wangu, komenti iliyoandikwa ovyo mara nyingi pia imepitwa na wakati, na kugundua hilo kuna thamani kuliko herufi iliyokosekana. Ukimaliza, jenga faili la `.o` kabla na baada ya badiliko, kisha uyalinganishe kwa `cmp`. Kama idadi ya mistari haikubadilika, yanapaswa kuwa sawa. Yakitofautiana, umegusa usichokusudia.

Dhana: Skripti itafanya yote

Kerneli ina orodha yake, `scripts/spelling.txt`, iliyotokana na Lintian, kikaguzi cha vifurushi vya Debian, nayo hutumiwa na `checkpatch.pl`, skripti inayokagua viraka. Ni jozi za kosa na sahihisho, basi. Haijui kwamba Synopsys ni kampuni inayobuni vipande vya chipu na si neno `synopsis` lililokosewa. Haijui pia kama jina la rejista (sehemu ndogo ya kumbukumbu ndani ya chipu) limenakiliwa hivyo hivyo kutoka kitabu cha mtengenezaji, kosa likiwa la kwake. Na `behaviour` ya Uingereza si kosa. Iacheni.

Dhana: Kama ni kosa, lisahihishwe popote lilipo

Hapana. Kwenye komenti sawa, lakini si kwenye jina ambalo programu za nje zinalitumia. Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa Unix, aliulizwa angebadilisha nini kama angeianza upya, akajibu kwamba angeandika `creat`, jina la fanksheni ya kuunda faili, ikiwa na `e` mwishoni. Hadi leo haina. `umount` (yaani unmount) nayo haijarudishiwa `n` yake. Ujumbe unaochapishwa na kerneli ubadilishe kwa uangalifu pia: kuna watu wana skripti zinazoutafuta kama ulivyo.

Dhana: Viraka mia vya tahajia vitakufanya mhandisi wa kerneli

Mwongozo wa kerneli wenyewe unasema wageni wengi huanza na tahajia, na kwamba kelele zake zimefanya kazi hiyo izidi kutazamwa kwa jicho baya. Viwili vitatu vya kujifunzia njia vinatosha. `drivers/staging`, mahali pa viendeshi ambavyo bado havijafikia ubora unaotakiwa, ni pazuri kwa mazoezi ya namna hiyo, na nyaraka zenyewe hupokea masahihisho bila kinyongo. Baada ya hapo tafuta hitilafu halisi kwenye kompyuta yako, hata ya Wi-Fi inayokatika.

Dhana: Unafungua tu ombi kwenye GitHub

Hazina ya Linux iliyoko GitHub ni nakala, maombi ya huko hayapokelewi. Kiraka huenda kwa baruapepe ya maandishi tupu, ya HTML inakataliwa na seva, na `get_maintainer.pl` itakuambia wa kumtumia. Hata kwa herufi moja unahitaji `Signed-off-by`, mstari wa jina lako unaothibitisha kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Kisha subiri angalau wiki moja kabla ya kuulizia, zaidi kama ni zile wiki mbili za kupokea mabadiliko ya toleo jipya. Na msinitumie picha za skrini mkiuliza kwa nini Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hajajibu. Hamkupaswa kumtumia yeye.