Je, wajua kwa nini drafti ya pesa si sawa na mkeka mbele ya sheria?

Ukipita Kondele mjini Kisumu alasiri, si ajabu kuwakuta wanaume wawili wameinamia ubao wa drafti, vizibo vya soda vikiwa ndizo kete, vya huyu vimelala chali na vya yule kifudifudi. Chini ya ubao pana noti mbili za shilingi 50, na atakayeshinda atazichukua zote. Hatua chache kutoka hapo kijana anaweka mkeka, yaani ubashiri wa matokeo ya mechi tatu, kwenye simu yake. Wote wametoa pesa, na kila mmoja atakuapia kwamba anatumia akili. Mbona basi sheria isiwaone sawa?

Swali kuu la sheria ni kinachoamua mshindi. Katika nchi nyingi, ili mchezo uitwe kamari, wanasheria hutafuta mambo matatu: dau, zawadi na bahati. Kwenye drafti dau lipo na zawadi ipo, lakini bahati haina pa kukaa, kwa maana hakuna dadu wala karata iliyofichwa, na kila kete inaonekana na wote wawili. Ndivyo ilivyo pia kwa ajua, bao la Waluo, ambapo aliyekosea kuhesabu kokwa hana wa kumlaumu.

Ugumu huanza pale bahati na ustadi vinapochanganyika. Kugawiwa karata ni bahati, kuzicheza ni ustadi. Majimbo mengi ya Marekani hupima ni kipi kimezidi. Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 1968 kwamba mchezo wa karata uitwao rami ni wa ustadi zaidi, ingawa mwaka 2025 bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku michezo ya pesa mtandaoni, iwe ya ustadi au ya bahati. Kenya haikujisumbua na mizani hiyo. Sheria ya mwaka 1966, Sura ya 131, iliyotumika hadi sheria mpya ya kudhibiti kamari ilipopitishwa mwaka 2025, ilihesabu kuwa mchezo wa bahati hata ule unaochanganya bahati na ustadi, na hata ule wa kujifanya tu, isipokuwa michezo ya riadha na spoti. (Nikisoma hayo maneno ya kujifanya, huwakumbuka wale wa pata potea wa stendi ya mabasi, wanaokualika utumie ukali wa macho ilhali karata imekwisha kuhamishwa.) Kwa hiyo mcheza poka anayejitetea kwamba yeye ni fundi angesikilizwa zaidi Marekani kuliko hapa.

Na kijana wa mkeka? Huenda anaijua Gor Mahia kuliko kocha wake, lakini hayumo uwanjani. Sheria imeweka kubashiri matokeo ya shindano la wengine katika kundi la peke yake, na kampuni inayopokea dau hilo lazima iwe na leseni, hata kama mteja wake ni mjuzi namna gani.

Sasa rudi kwenye ubao. Mzee aliyesimama nyuma anamnong'oneza jirani yake, "Mia moja, huyu wa kofia anashinda," na jirani anakubali. Wachezaji hawajabadilisha chochote, wangali katika mchezo wa ustadi, lakini wale wawili waliosimama wamewekeana dau juu ya akili za watu wengine, na hilo ni kubashiri, sawa na kijana mwenye simu.