Kuzeekea nyumbani maana yake nini?

Kuzeekea nyumbani ni mzee kuendelea kuishi katika nyumba aliyoizoea, akijiamulia mambo yake, huku akipata msaada unaolingana na hali yake. Si lazima aishi peke yake wala afanye kila kitu mwenyewe. Lakini mzee anayefungiwa ndani na kuletewa chakula tu, huyo ameachwa nyumbani, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Hatari inayotangulia ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60.

Chukua safari ya chooni usiku. Mzee anaamka, haja imembana. Akisimama ghafla presha inashuka na kizunguzungu kinamshika, hasa kama anameza dawa za presha au za usingizi. Swichi iko mbali mlangoni, basi anapapasa gizani. Njiani kuna zulia lililojikunja pembe. Chooni sakafu imelowa, na cha kushika ni chuma cha kutundikia taulo, ambacho hakikufungwa kubeba uzito wa mtu. Karibu yote hayo yanarekebishika. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kichwa kitulie. Taa iwe mkononi mwake. Zulia liondolewe kabisa, na vyuma vya kushikia vifungwe imara kando ya choo na pale anapoogea. Soksi tupu na kandambili zilizolegea asizitembelee.

Dawa zake zote zipitiwe pamoja na daktari au mfamasia. Macho nayo yapimwe.

Kinachosahaulika sana ni miguu yenyewe. Anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea, misuli inalegea, na hapo ndipo huanguka kweli. WHO inashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasiyumbe, angalau siku 3 kwa wiki. Kuinuka kitini na kuketi tena, mara kadhaa, nalo ni zoezi.

Watoto nao, kwa nia njema, huvamia nyumba na kupanga upya samani. Wasilolijua ni kwamba lile kabati ndilo mama hulishika akipita. Muulizeni kwanza anashika wapi na anaogopa wapi, ndipo mguse kitu.

Akianza kusahau jiko likiwaka au kupotea njia aliyoizoea, marekebisho ya nyumba hayatoshi tena. Anahitaji mtu wa kuwa naye. Na kwa anayeishi peke yake, simu ikae mfukoni au shingoni, kwa sababu aliyelala sakafuni hawezi kuifikia ya mezani. Awepo pia mtu mmoja aliyekubali kumpigia kila asubuhi, na anayejua ufunguo wa akiba uko kwa nani.