Mkwaruzo wa Sauti Katika Kompyuta Dhaifu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Vijana wengi wa Mombasa wanaotengeneza muziki huanzia chumbani. Iwe Kisauni, Likoni au Majengo, vifaa ni vile vile: kompyuta ya mkononi iliyonunuliwa mtumba, hedifoni moja, na maikrofoni iliyovishwa soksi ili kupunguza pumzi ya mwimbaji. Malalamiko nayo hufanana. Ngoma ya chakacha imekaa vizuri tangu mwanzo, lakini kiitikio kinapofika na vyombo vyote kuingia kwa pamoja, spika huanza kulia kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Nimekaa na wengi mbele ya kompyuta za namna hiyo, na nimeona kwamba mara nyingi kinachowapotezea fedha na siku si udhaifu wa mashine yenyewe, bali ni maelezo yasiyo sahihi wanayopokezana.

Dhana: Sauti ikikwaruza, kompyuta imeshindwa na kazi, hivyo inunuliwe nyingine.

Kilichoshindikana si kazi bali ni kuimaliza kwa wakati. Muziki wa kawaida ndani ya kompyuta hubeba sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde, nazo hazipelekwi moja moja kwenye kadi ya sauti, kifaa kinachozigeuza kuwa sauti ya kusikika, bali kwa mafungu yanayowekwa kwanza katika hifadhi ndogo iitwayo bafa. Bafa ikiwa na sampuli 256, kompyuta hupewa takriban milisekunde 5.8 kukokotoa kila chombo, kila mwangwi na kila kichujio cha fungu linalofuata. Ikichelewa hata kidogo, kadi ya sauti hukosa cha kupiga, pengo hutokea katikati ya wimbi, na sikio hulipokea pengo hilo kama mkwaruzo. Ukipandisha bafa hadi sampuli 1,024, muda huo unakuwa takriban milisekunde 23, na mashine ile ile iliyokuwa ikikwaruza huenda ikapiga wimbo mzima bila tatizo.

Hapa ndipo watu hupinga, wakionyesha kipimo cha kazi ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kilichosimama kwenye asilimia 40 na kuuliza kompyuta inachelewaje ilhali zaidi ya nusu ya nguvu zake hazijatumika. Kipimo hicho ni wastani wa viini vyote vya prosesa, yaani sehemu zake zinazokokotoa sambamba, kwa muda wa sekunde nzima au karibu yake, wakati bafa inahesabiwa kwa milisekunde chache. Isitoshe, sauti inayopita katika mnyororo mmoja wa plagini, yaani programu ndogo za ala na za kurekebisha sauti, haigawiki kirahisi kwa viini vinne, kwa sababu kila plagini husubiri matokeo ya ile iliyoitangulia. Kwa hiyo kiini kimoja kinaweza kuwa kimezidiwa kabisa huku vitatu vikipumzika, na wastani ukaonekana mdogo. Ndiyo maana mtu aliyerundika plagini kumi kwenye treki kuu ya mwisho, ambamo sauti zote huungana, hupata mkwaruzo mapema kuliko aliyezitawanya kwenye treki mbalimbali.

Dhana: Bafa ni mpangilio wa kuchagua mara moja tu, ndogo ni bora siku zote, au kubwa ni bora siku zote.

Bafa hubadilishwa kulingana na kazi ya wakati huo. Mwimbaji anaporekodi huku akijisikia kupitia kompyuta, sauti yake hupita kwenye bafa wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, kwa hiyo bafa ya 1,024 humcheleweshea sauti yake kwa zaidi ya milisekunde 46, na kwa muda huo hakuna atakayeweza kushika mapigo. Wakati wa kurekodi, bafa ya 128 au 256 inafaa, na plagini nzito zizimwe kwanza. Kazi ya kusawazisha sauti inapoanza, hakuna anayeimba, hivyo hakuna sababu ya kuibana mashine. Bafa ipandishwe hadi 1,024 au zaidi. Kadi ya sauti ya nje yenye uwezo wa kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja, bila kupitia programu, huondoa mvutano huo, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuinunua.

Wako wanaoinunua wakidhani itaipunguzia kompyuta mzigo wa plagini. Kadi za kawaida hazifanyi hivyo, kwani mahesabu yote bado hufanywa na prosesa ya kompyuta. Faida yake nyingine ni draiva, yaani programu inayounganisha kompyuta na kifaa, iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hii, hasa ya mfumo wa ASIO ambao kampuni ya Steinberg iliutoa mwaka 1997. Asiye na kadi hiyo kwenye Windows anaweza kutumia ASIO4ALL, programu ya bure inayopitia draiva zilizomo tayari. Haiongezi kasi ya kompyuta, lakini mara nyingi huwezesha kutumia bafa ndogo kuliko draiva ya kawaida inavyoruhusu.

Dhana: Kurekodi kwa sampuli 96,000 kwa sekunde hutoa muziki safi zaidi, hata kwa kompyuta dhaifu.

Kima cha 44,100, ambacho ndicho cha santuri za CD tangu mwaka 1982, hubeba masafa hadi karibu Hertz 22,000, na sikio la binadamu lenye afya huishia takriban 20,000. Ukipanda hadi 96,000, bafa ile ile ya sampuli 256 inabaki na milisekunde 2.7 tu badala ya 5.8, yaani kazi ni ile ile lakini muda umepungua zaidi ya nusu. Kwa mashine dhaifu huko ni kuuita mkwaruzo kwa mikono miwili.

Dhana: Ongeza RAM, mkwaruzo utakwisha.

Utakwisha ikiwa tu RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiyo iliyojaa, kama inavyotokea kwa wanaotumia maktaba kubwa za ala zilizorekodiwa, ambapo kompyuta huanza kuhamishia data kwenye diski. Plagini za mwangwi na sinthesaiza, yaani ala zinazotengeneza sauti kwa mahesabu, huitegemea zaidi prosesa, na RAM mpya haitazisaidia.

Dhana: Mkwaruzo unaoanza baada ya nusu saa ni virusi.

Kwa mji wetu, kabla ya kufikiria virusi ningeshika kwanza upande wa chini wa kompyuta. Msimu wa kaskazi, hasa kati ya Januari na Machi, joto la Mombasa hupita nyuzi 30 mchana, na chumba cha kurekodia hufungwa madirisha ili kelele za barabarani zisiingie, feni nayo huzimwa kwa sababu maikrofoni inaidaka. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mradi uliopigwa vizuri saa mbili usiku unakwaruza saa tatu bila chochote kuongezwa. Nakumbuka kompyuta moja iliyokuwa imewekwa juu ya godoro, matundu yake ya hewa yakiwa yamezama kwenye shuka. Tuliiinua juu ya vipande viwili vya mbao, vya kimo cha kiberiti, tukaisubiri ipoe, na kiitikio kilichokuwa kikikatikakatika kikapita. Baadaye ilipofunguliwa, feni yake ya ndani ilikuwa imefunikwa na vumbi lililogandamana kama sufi. Kuisafisha ni kazi ndogo, na naisisitiza kuliko ushauri mwingine wowote kwa mtu wa pwani. Vilevile kompyuta isitumiwe kwa betri wakati wa kurekodi, kwani nyingi hushusha kasi kuhifadhi chaji. Ichomekwe kwenye umeme na mpangilio wa Windows uwekwe kwenye utendaji wa juu.

Kuna mkwaruzo mwingine unaotokea hata mradi ukiwa na treki mbili tu. Huo kwa kawaida hutokana na draiva ya kifaa kingine, mara nyingi ya Wi-Fi, inayomshika prosesa kwa muda mrefu kuliko bafa inavyoweza kusubiri. Izimwe Wi-Fi na Bluetooth, kisha wimbo upigwe tena. Programu ya LatencyMon, ambayo ni ya Windows, huonyesha kwa jina draiva inayochelewesha.

Dhana: Mkwaruzo ukisikika wakati wa kupiga, utakuwamo pia kwenye wimbo uliotolewa.

Programu inapotoa wimbo kuwa faili haishindani na saa. Huchukua muda inaouhitaji kwa kila fungu, na pengo halitokei. Kwa hiyo mradi unaokwaruza kwenye spika unaweza kutoa faili safi kabisa. Njia hii pia ndiyo inayookoa mashine dhaifu: treki iliyokamilika hugandishwa, yaani hugeuzwa kuwa sauti tupu na plagini zake kuzimwa, na mzigo wake karibu wote huondoka.

Faili iliyotolewa basi ndiyo shahidi. Isikilizwe mara mbili. Mkwaruzo ukirudi mahali pale pale kila mara, tatizo si kuchelewa kwa kompyuta wakati wa kupiga. Pengine sauti imevuka kiwango na taa nyekundu ya treki kuu imewaka, na dawa yake ni kushusha sauti za treki, wala bafa haihusiki. Au pengo lilitokea wakati mwimbaji akirekodi, likaingia ndani ya sauti yake. Hilo halitolewi na kugandisha wala kupandisha bafa, na ukarabati wake huacha alama, hasa kwenye sauti zinazovutwa kama zile za taarab. Kwa sababu hiyo kila treki ya sauti isikilizwe peke yake kwa hedifoni mara tu inapomalizika, mwimbaji akiwa bado yuko kwenye maikrofoni, ili mstari wenye pengo aurudie papo hapo.