Ulimwengu unaodunda maana yake nini?

Ulimwengu unaodunda ni wazo kwamba Mlipuko Mkuu wa miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita haukuwa mwanzo wa kila kitu. Kabla yake kulikuwa na ulimwengu mwingine uliokuwa ukisinyaa. Ukajibana, ukajibana, hadi ikashindikana kubanwa zaidi, ndipo ukageuka na kuanza kutanuka. Kama jambo hilo hujirudia, tunauita ulimwengu wa mizunguko.

Kinacholikwamisha wazo hili ni mvutano wenyewe, yaani graviti. Kwa nadharia ya Einstein ya 1915, maada ya kawaida huvuta tu, haisukumi. Hata shinikizo, ambalo ungetegemea lisukume kwenda nje, kwenye hesabu zake huongeza uvutaji. Kati ya 1965 na 1970 wanafizikia Roger Penrose na Stephen Hawking walithibitisha kihesabu kwamba, masharti hayo yakishikiliwa, huwezi kuurudisha nyuma ulimwengu wetu bila kugonga ukuta: mahali ambapo msongamano hauna kikomo na hesabu zinagoma. Anayetaka mdundo, basi, aidha alete maada ya ajabu au aiguse nadharia ya mvutano. Ndiyo maana mdundo na nadharia mbadala za mvutano havikosi kutajwa pamoja.

Jaribio ninaloliona limefanyiwa kazi kwa makini zaidi linachukulia kwamba anga lenyewe lina chembechembe, na haligawanyiki bila mwisho. Mwaka 2006 mwanafizikia Abhay Ashtekar na wenzake walipiga hesabu kwa msingi huo. Msongamano unapofikia kiwango fulani, mvutano unageuka kuwa msukumo na ulimwengu unadunda. Kiwango chenyewe si cha kawaida: idadi ya kilo katika mita moja ya ujazo ni namba yenye tarakimu 97. Chini ya hapo, Einstein anabaki sahihi kama kawaida.

Si kila nadharia mbadala ya mvutano inahusu mdundo, na hapa watu huchanganya sana. Ile ya Mordehai Milgrom ya 1983, kwa mfano, inarekebisha mvutano pale unapokuwa dhaifu mno, pembezoni mwa galaksi, ili tusihitaji maada ya giza, ile isiyoonekana inayodhaniwa kuzishikilia galaksi kwa mvutano wake. Na nyingine zimeshakufa. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, na miali ya gama, ambayo ni aina ya mwanga, kutoka kwa nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa) zilizogongana yalifika duniani yakipishana kwa sekunde 1.7 hivi, baada ya safari ya miaka kama milioni 130. Nadharia zilizodai kwamba mawimbi hayo yana mwendo tofauti na mwanga zikafagiliwa siku hiyo.

Tuseme mdundo unawezekana. Ukilieleza hili kwenye kijiwe cha kahawa pale Magomeni, hukosi mtu wa kukuuliza, "Sawa kaka, na huo wa kabla nao ulitoka wapi?" Swali hilo ndilo lililomsumbua mwanafizikia Richard Tolman miaka ya 1930. Mpira unaodunda kwenye mchanga wa Coco Beach kila mara hupanda kimo kifupi kuliko mwanzo, mwisho unatulia. Tolman alikuta ulimwengu unafanya kinyume: vurugu ya chembe na mionzi, yaani entropia, haipungui, hivyo kila mzunguko unakuwa mkubwa na mrefu kuliko uliotangulia. Rudi nyuma basi: mizunguko inazidi kuwa midogo, na mwanzo tulioufukuza mlangoni unarudi kupitia dirishani.

Wanafizikia Paul Steinhardt na Neil Turok walitoa jibu mwaka 2002. Kwao, nishati ya giza, ile inayoharakisha kutanuka kwa ulimwengu leo, huisambaza entropia hadi inakuwa nyepesi mno kabla ya mzunguko mwingine kuanza. Penrose naye ana mizunguko yake isiyo na kusinyaa kabisa. Mimi hainishawishi, maana inadai chembe zipoteze uzito wao huko mbele, jambo ambalo hakuna aliyeliona.

Ya Steinhardt na Turok ina sifa moja ninayoipenda: inaweza kukamatwa kama imekosea. Inatabiri kwamba mawimbi ya mvutano ya zama za mwanzo ni hafifu kiasi cha kutopimika. Aina nyingi za nadharia shindani, ile isemayo ulimwengu ulitanuka kwa ghafla mno mwanzoni kabisa, zinayatarajia yawe yameacha alama kwenye mwanga mkongwe uliojaa angani. Darubini za Ncha ya Kusini zinaisaka alama hiyo. Ikionekana na kuthibitishwa, mizunguko ya aina hii imekwisha.